Gesti ya Tangu 1189? Namna ya Kuhesabu Umri wa Nyumba Kongwe za Wageni Uingereza

Kila baada ya muda picha ya jengo la kale, kuta zimeinama na dari limebonyea, huzunguka mitandaoni ikiwa na maelezo kwamba hiyo ndiyo hoteli kongwe kuliko zote Uingereza, inapokea watu tangu mwaka 1189. Haupiti muda inakuja nyingine ya mwaka 953. Halafu ya tatu, ya mwaka 793. Hapo ndipo mabishano yanapoanza: huyu anasema huo ni uongo wa kuvuta watalii, yule anajibu kwamba Wazungu wanatunza kumbukumbu, kwa hiyo lazima iwe kweli. Nao wanaofika London wakapelekwa kuiona The George, nyumba ya wageni ya zamani kule Southwark, hurudi na habari kwamba Shakespeare alikuwa akinywa pale.

Mabishano haya hayaishi kwa sababu kila mtu anataja umri wa kitu tofauti. Nyumba ya wageni ina umri wa namna tatu. Kuna umri wa mahali na jina, yaani tangu lini kiwanja kile kimejulikana hivyo. Kuna umri wa shughuli, yaani tangu lini watu wanalala, wanakula na kunywa pale kwa malipo. Na kuna umri wa jengo, yaani mbao na matofali unayoweza kuyagusa leo. Tarehe tatu hizi zinaweza kupishana kwa mamia ya miaka bila mtu yeyote kudanganya. Uongo huingia pale tarehe ya kwanza inapobandikwa kwenye kitu cha tatu.

Msomaji wa pwani ana mfano wa karibu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Hayo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya jengo unaloingia kuswali ni la karne ya 18, lilipojengwa upya. Anayesema msikiti ni wa 1107 hajakosea, na anayesema jengo ni la karne ya 18 naye hajakosea. Ukilishika hilo, habari za The George zitakuwa nyepesi.

Nyumba ya wageni ilikuwa kitu gani

Kwetu neno hoteli lina sura mbili: mtaani ni mahali pa chai na chapati, kwa watalii ni mahali pa kulala. Pa kulala kwa bei ya kawaida tunaita gesti, pa kunywa ni baa au kilabu. Uingereza ya zamani nayo ilitenganisha, na sheria ndiyo iliyotenganisha. Palikuwa na kilabu cha pombe, ambacho mara nyingi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, aghalabu mjane, anayeuza pombe ya shayiri aliyoitengeneza mwenyewe. Tangu 1552 kilabu kililazimika kupata kibali cha mahakimu wawili wa eneo. Juu yake palikuwa na nyumba ya mvinyo, ya mjini, ya watu wenye fedha. Sheria ya 1553 iliweka kikomo cha nyumba hizo kwa kila mji, na London yote ikapewa 40. Nyumba ya wageni ilikuwa kundi la tatu: lazima impe msafiri kitanda, chakula, kinywaji, na mahali pa kuweka farasi.

Mwaka 1577 serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza iliagiza zihesabiwe zote. Katika majimbo ambayo takwimu zake zimebaki vilipatikana vilabu zaidi ya 14,000, nyumba za wageni zaidi ya 1,600 na nyumba za mvinyo zaidi ya 300. Kwa hiyo, anayekuonyesha kilabu kidogo cha kijijini na kukiita nyumba ya wageni ya kale, mwulize farasi walilala wapi. Pasipokuwa na lango la kupitisha gari na banda uani, hapakuwa na nyumba ya wageni. Palikuwa na kilabu.

Tofauti hii ilibeba wajibu mzito. Mwenye kilabu aliweza kumfukuza mteja, mwenye nyumba ya wageni hakuweza. Msafiri aliyefika akiwa na uwezo wa kulipa, na hali yake inafaa, ilikuwa lazima apokewe maadamu nafasi ipo. Na mzigo wa mgeni ukiibwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba alilipa, hata kama yeye mwenyewe hakugusa kitu. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: usiku, barabarani, msafiri hana pa kwenda, na mwenye gesti mwenye tamaa angeweza kula njama na wezi. Kesi iliyoyapanga haya ni ya Calye, ya mwaka 1584. Mgeni alifika na farasi, akaagiza apelekwe malishoni, farasi akaibwa. Majaji waliamua kwamba mwenye nyumba halipi, kwa kuwa ni mgeni mwenyewe aliyetaka mnyama atolewe nje. Angekuwa bandani, angelipa. Ndiyo maana mabanda ya nyumba hizi yalikaa ndani kabisa ya ua, nyuma ya lango linalofungwa.

Kwa upande wake mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuzuia mizigo ya mgeni, farasi akiwemo, mpaka alipwe. Mwaka 1863 Bunge lilimpunguzia mzigo, likaweka kikomo cha fidia kuwa pauni 30 kwa sharti kwamba tangazo la sheria hiyo libandikwe mahali linapoonekana. Zile karatasi za "uongozi hautahusika na upotevu" tunazozisoma nyuma ya milango ya gesti ni za ukoo huo, ingawa Uingereza karatasi peke yake haikumwokoa aliyezembea.

Wajibu huu wa zamani ulikuja kufanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri kutoka Trinidad, mtu mweusi, alifika na familia yake kwenye hoteli moja ya London aliyokwisha kuagiza vyumba. Akaambiwa hawawezi kukaa zaidi ya usiku mmoja, kwa sababu wageni weupe wangelalamika. Wakati huo Uingereza haikuwa na sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi. Ya kwanza ilipitishwa 1965. Kilichokuwepo ni kanuni ya nyumba ya wageni: msafiri anayelipa apokewe. Constantine alishtaki kwa kanuni hiyo, na 1944 jaji akampa haki. Fidia ilikuwa ndogo, pauni tano na shilingi tano, lakini hukumu ilisimama. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu wenye farasi wachovu ndiyo iliyomlinda.

Kwa nini Southwark

Hadi 1750, mtu aliyetaka kuingia katikati ya London kwa miguu au kwa gari kutoka kusini alikuwa na daraja moja tu, London Bridge. Daraja lenyewe lilijengwa nyumba juu yake pande zote mbili, na njia iliyobaki kati ilikuwa nyembamba kiasi kwamba magari mawili makubwa yalipishana kwa shida. Usiku malango yalifungwa. Aliyetoka Canterbury au Dover akachelewa, alilala upande wa pili. Na mwenye gari kubwa la mzigo hakuona faida ya kuliingiza kwenye msongamano ule; alishusha mzigo ng'ambo, makuli na mikokoteni wakauvusha.

Hivyo barabara ile moja inayotoka darajani, ambayo leo inaitwa Borough High Street, ikajaa nyumba za wageni bega kwa bega. Ramani ya Southwark ya mnamo 1542 inaionyesha The George. John Stow, aliyeieleza London mtaa kwa mtaa mwaka 1598, anazitaja kwa alama zao: Spur, Christopher, Bull, Queen's Head, Tabard, George, Hart, King's Head. Alama ilikuwa picha kwenye ubao, kwa sababu wengi hawakujua kusoma. George ni Mtakatifu George mwenye joka, Hart ni paa dume mweupe, Tabard ni koti la mpiga mbiu wa mfalme. Ulimwambia mtu "tukutane kwa paa mweupe" akafika.

Anayetaka kuielewa nyumba kama hii asifikirie hoteli ya leo, afikirie stendi ya mabasi ya mkoa. Kila nyumba ilikuwa na safari zake na siku zake. Magari ya Maidstone yaliondokea hapa, ya Sussex pale, na mwenye barua au kifurushi alijua ni lango gani la kukipeleka. Walikuwapo wapiga debe wa wakati huo, mawakala wa tiketi, wapagazi, wauzaji wa vitafunwa, watunza farasi. Magari ya Kent yalileta hopsi, yale maua machungu ya kutia kwenye bia, na biashara ya hopsi ikaweka makao Southwark kwa mamia ya miaka.

Jengo lilifuata kazi. Mbele, barabarani, upana ulikuwa mdogo kwa sababu ardhi ya barabarani ni ghali. Nyuma kiwanja kiliingia ndani mbali. Lango lilitengenezwa refu na pana vya kutosha kupitisha gari lililojaa. Baada ya lango ua wa kwanza, umezungukwa na vyumba ghorofa mbili au tatu. Nyuma yake ua wa pili: mabanda, maghala ya nyasi, samadi, bomba la maji. Chini kwenye ua wa kwanza kulikuwa na jiko, chumba cha kunywea na ofisi ya safari. Juu kulikuwa na vyumba vya kulala.

Hapo ndipo zinapokuja zile roshani za mbao ambazo kila mtu anazipiga picha. Si mapambo. Ni korido. Chumba chenye mlango unaofunguka kwenye roshani hakihitaji njia ya ndani, kwa hiyo upana wote wa jengo unatumika kwa kulala. Mgeni akitoka mlangoni anaona gari lake, anamwita mtunza farasi, anatupiwa mfuko wake. Mhudumu anapanda ngazi moja ya nje na kuvifikia vyumba vyote. Hasara yake ni mvua na baridi: sakafu ya roshani hunyeshewa kila msimu, maji hukaa pale nguzo fupi za uzio zinapoingia kwenye mbao ya chini, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia. The George ndiyo nyumba ya wageni pekee ya London iliyobaki na roshani hizi. Nazo zimebaki kwenye sehemu moja tu ya jengo: mbili, moja juu ya nyingine, zikitazama uani.

Moto wa 1676, na nini kilifuata

Moto mkubwa wa London wa 1666 haukuvuka mto kuja Southwark. Watu wengi huuchanganya na moto mwingine uliotokea miaka kumi baadaye. Tarehe 26 Mei 1676 moto ulianza kwenye duka la mfanyabiashara wa mafuta, kati ya The George na Talbot, jina ambalo The Tabard ilikuwa imekwisha kubadilishiwa. Duka la mafuta, mitaa ya nyumba za mbao, mabanda yaliyojaa nyasi kavu. Nyumba zipatazo 500 ziliteketea, baadhi zikibomolewa makusudi ili kuukatia moto njia. The George iliungua, na mwaka uliofuata, 1677, ikajengwa upya kwenye kiwanja kilekile na kwa ramani ileile ya ua na roshani.

Huo ndio ufunguo. Jina na mahali: angalau tangu miaka ya 1540. Shughuli: tangu wakati huohuo, pamoja na mkatizo wa moto. Jengo: 1677. Shakespeare alifariki 1616. Jengo lililopo lilisimamishwa miaka 61 baada ya kuzikwa kwake, kwa hiyo hakuna ubao hata mmoja pale aliouegemea. Je, aliingia kwenye The George iliyotangulia? Ukumbi wa Globe ulifunguliwa 1599 mwendo wa dakika chache kutoka hapo, basi haikuwa vigumu. Lakini hakuna waraka unaosema hivyo, na mwandishi makini huishia hapo.

Kuna dai jingine kwamba tamthilia zilichezwa kwenye ua wa The George, watazamaji wakisimama kwenye roshani. Ni kweli kwamba kabla na baada ya kujengwa kumbi maalumu, maigizo yalichezwa kwenye nyumba za wageni za London. Zinazojulikana kwa nyaraka ni nne: Bull ya Bishopsgate, Bell na Cross Keys za Gracechurch Street, na Bel Savage ya Ludgate Hill. Zote zilikuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto, na The George haimo. Na baadhi yake zilitumia ukumbi wa ndani, si ua.

Mkanganyiko wa tatu ni wa Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyeandika hadithi za mahujaji wa Canterbury. Mahujaji wake wa karne ya 14 wanaoanza safari ya Canterbury walikutana The Tabard, jirani wa The George upande wa kusini. Tabard iliungua kwenye moto uleule wa 1676, ikajengwa upya, kisha ikabomolewa katika miaka ya 1870. Kwa kuwa jirani amekufa na The George yupo, watu wamemrithisha hadithi. Jambo moja zuri kulijua: mwenye nyumba anayewaongoza mahujaji, Harry Bailly, ana jina la mtu halisi. Henry Bailly wa Southwark aliendesha nyumba ya wageni na aliuwakilisha mji huo Bungeni mwaka 1376 na 1378. Mwenye nyumba ya wageni hakuwa mtu mdogo.

Mbao husema mwaka wake

Turudi kwa zile picha za 1189 na 793. Mabishano haya yanaweza kumalizwa kwa kipimo. Mti wa mwaloni wa Uingereza huongeza pete moja kila mwaka, pana mwaka wa mvua nzuri, nyembamba mwaka wa ukame. Miti yote ya eneo moja hupitia miaka ileile, kwa hiyo mfuatano wa mapana na membamba hufanana kama chapa ya muhuri. Wataalamu hutoboa boriti kwa kekee yenye mdomo wa bomba, wanatoa kijiti chembamba cha mbao, wanapima kila pete na kulinganisha na mfuatano ambao miaka yake inajulikana. Boriti ikiwa na pete chini ya 50 hivi, kipimo hakiaminiki, kwa sababu mfuatano mfupi unaweza kufanana na zaidi ya sehemu moja.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni ukingo. Gome likiwepo, utajua mwaka mti ulipokatwa, wakati mwingine hata majira. Likiwa limechongwa lakini tabaka laini la nje lipo, unakadiria, maana tabaka hilo kwa mwaloni wa huko huwa na pete kati ya 10 na 40 hivi. Likichongwa hadi kwenye moyo mgumu, unachoweza kusema ni kwamba mti ulikatwa baada ya mwaka fulani, basi.

Kutoka mti kukatwa hadi jengo kusimama haukupita muda mrefu. Mafundi walijenga na mwaloni mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu mno kwa patasi. Fremu yote ilichongwa chini, kila kiungo kikawekewa alama za mistari kama namba za Kirumi, ikabomolewa, ikasafirishwa, ikasimamishwa. Kiungo ni ulimi unaoingia kwenye tundu, kisha kigingi cha mwaloni kinapigwa kukatiza. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa limepishana na la kwenye nguzo kwa milimita chache, makusudi, ili kigingi kikiingia kiuvute ulimi ndani na kuubana. Mbao zilivyokauka zikajipinda, na viungo vikazidi kushika. Ule upindaji wa kwenye picha si dalili kwamba nyumba inaanguka, wala haithibitishi kwamba ni ya miaka elfu. Nyumba ilijipinda sana katika miaka yake ya mwanzo.

Kosa kubwa la kipimo ni mbao iliyotumika mara ya pili. Boriti nzuri haikutupwa. Ukiona kwenye boriti tundu la ulimi lisilopokea kitu, au vigingi vinavyoelekea hewani, ujue imetoka jengo jingine, na umri wake si umri wa nyumba. Kwa hiyo huchukuliwa vipande kutoka boriti kadhaa, na zile zinazoshikana katika fremu moja ndizo hupewa uzito.

Sasa baa ya Ye Olde Trip to Jerusalem ya Nottingham, yenye 1189 ukutani. Mwaka huo ndio Mfalme Richard wa Kwanza alipotawazwa, na hadithi ni kwamba wapiganaji wa msalaba walipita kunywa. Mapango ya jiwe la mchanga nyuma ya baa ni ya kale kweli, yamo chini ya mwamba wa ngome. Lakini jengo la mbele ni la karne ya 17 au baada yake. Katikati ya karne ya 18 nyumba iliitwa The Pilgrim, na jina la sasa linaonekana mwaka 1799. Nottingham hiyohiyo ina The Bell, ambayo mbao zake ni za karne ya 15. Yaani baa isiyopiga kelele ndiyo yenye jengo kongwe zaidi.

Ye Olde Fighting Cocks ya St Albans hutaja 793. Jengo lake la pembe nane lilikuwa nyumba ya njiwa ya abasia, yaani makao ya watawa. Lilihamishiwa pale lilipo baada ya abasia kufungwa mwaka 1539, na habari za kuwa baa zinaanza karne ya 18. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuipa baa hiyo taji, kisha mwaka 2000 kikaifuta kabisa rekodi ya baa kongwe, kwa kuwa haiwezi kuthibitishwa. Ikiwa wenye kazi ya kuhesabu rekodi wameliacha, picha ya WhatsApp isitulazimishe.

Saa ya ukutani

Ndani ya The George kuna saa kubwa ya ukutani ambayo wageni huambiwa ni "saa ya sheria ya Bunge". Maelezo yake ya kawaida: mwaka 1797 serikali iliweka kodi kwa saa, watu wakaficha au kuuza zao, wenye baa wakatundika saa kubwa ili wateja waje kusoma muda. Kodi ilikuwepo kweli: shilingi 5 kwa mwaka kwa saa ya nyumbani, 10 kwa saa ya mfukoni ya dhahabu, 2 na senti za zamani 6 kwa ya fedha. Iliua kazi ya mafundi saa kwa kasi, ikafutwa mwaka uliofuata, 1798. Lakini saa kubwa za baa na nyumba za wageni zilikuwa zikitengenezwa tangu miaka ya 1720. Zilitundikwa kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kukimbilia basi la alfajiri: magari yaliondoka kwa saa. Jina lilibandikwa baadaye.

Reli

Gari la abiria la miaka ya 1830 lilikwenda kilomita 13 hadi 16 kwa saa, likibadilisha farasi kila kilomita 16 hadi 24 hivi. Ndani walikaa wanne, juu walikaa wengine kumi au zaidi kwenye upepo, wakilipa karibu nusu ya nauli. Kila kituo cha kubadilisha farasi kilikuwa riziki ya nyumba ya wageni. Stesheni ya London Bridge ilifunguliwa 1836, hatua chache kutoka The George, na 1844 reli ikafika Dover. William Chaplin, mwenye magari mengi kuliko wote London, hakusubiri: aliuza farasi, akaweka fedha kwenye reli, na akaja kuwa mwenyekiti wa kampuni ya reli ya kusini magharibi. Wengi hawakuwa na uwezo huo.

Nyumba za Southwark hazikufa siku moja. Ziligeuka maghala, vyumba vya kupangisha kwa wiki, ofisi za mizigo. The George iliingia mikononi mwa kampuni ya reli ya Great Northern, iliyotaka uwanja wa mizigo, na mwaka 1889 pande zake za kaskazini na mashariki zikabomolewa. Mwaka huohuo White Hart ya jirani nayo ikaondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya Jack Cade alipoongoza uasi wa 1450. Kwa hiyo unachokiona leo ni upande mmoja wa kusini wa nyumba iliyouzunguka ua. Kipande hiki kinauma kukitazama kwa anayejua kilichokuwepo. Mwaka 1937 kampuni ya reli iliyorithi mali hiyo iliikabidhi kwa National Trust, taasisi inayohifadhi majengo na ardhi kwa niaba ya umma, na tangu hapo haiwezi kuuzwa ovyo. Taasisi ndiyo mwenye nyumba, kampuni ya bia ni mpangaji. Hakuna vitanda tena: chini ni baa, juu, kwenye vyumba vya kulala vya zamani, watu wanakula. Hakuna kiingilio. Unaagiza kaunta kama baa nyingine yoyote ya Uingereza, soda ikiwemo.

Kinachoziua nyumba hizi leo

Wengi hudhani adui ni uzee wa mbao. Mwaloni mkavu unaopumua hudumu karne na karne. Adui ni unyevu uliofungiwa, na mara nyingi umefungiwa na fundi aliyekuja kusaidia. Kuta za zamani zilipakwa chokaa na mchanga. Chokaa hunywa mvua kidogo na kuirudisha hewani jua likitoka, na jengo likicheza hupata nyufa ndogo zinazoweza kujifunga. Karne ya 20 zikaja lipu za saruji na rangi za plastiki. Saruji haichezi na mbao. Inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, hayana pa kutokea, na boriti ya chini inayobeba nguzo zote huoza ikiwa imefunikwa vizuri hadi siku ukuta unaposhuka. Wadudu watoboao mbao hufuata pale pale, kwa sababu mwaloni uliolainika kwa ukungu ndio wanaouweza. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wanaujua ugonjwa huu, maana saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huleta shida ileile.

Dawa ni ya polepole. Kwanza mifereji ya paa isafishwe na ardhi iliyopanda juu ya msingi ichimbwe, maana maji yasipozuiwa kazi nyingine yote ni bure. Saruji ibanduliwe kwa nyundo na patasi bila kuvuta mbao. Ukuta uachwe ukauke kwa miezi, si wiki. Kisha ile sehemu tu iliyooza ikatwe, na kipande kipya cha mwaloni kiungwe kwa kiungo cha mshazari na vigingi, hata kama ni rahisi zaidi kubadilisha nguzo nzima. Kipande kipya huachwa na rangi yake ya ubichi na wakati mwingine huchongwa mwaka wa matengenezo, ili atakayekuja na kekee yake miaka mia tatu baadaye asidanganyike.